Bolti Chini ya Pedeli

Mjomba Hamisi,

Shikamoo. Naitanguliza salamu hii kabla ya neno lingine lolote, kwa kuwa ndivyo ulivyonilea, na kwa kuwa nikianza na yaliyomo moyoni mwangu huenda nisiifikie kabisa.

Ni asubuhi ya Jumapili. Nimekaa kwenye benchi la gereji yako hapa Ujiji, na juu ya karatasi nimeweka bolti ili upepo wa ziwani usiipeperushe. Ni fupi, haizidi kidole gumba changu. Kichwa chake kimevishwa kipande cha mpira wa tairi, kilichokatwa kwa unadhifu ambao katika mji huu mzima ni wako peke yako. Unaijua. Uliichomelea sakafuni mwa gari chini ya pedeli ya mafuta, ukatandika kapeti juu yake, kisha kwa miezi minane ukakaa kiti cha abiria kando yangu ukiniambia kwamba mguu wangu una woga.

Nimeijua jana.

Jana ndiyo ilikuwa siku tuliyoingojea, siku ya mbio za madumu kule Kidahwe. Uliondoka wiki tisa kabla yake, hivyo hukuuona uwanja ulivyopangwa. Nitakueleza kuanzia mwanzo, kama ulivyonitaka nieleze hitilafu ya injini. Hakuna gari linalokimbizana na jingine. Kila dereva huingia peke yake na kushindana na saa, akipita katika malango yaliyotengenezwa kwa madumu ya manjano ya mawese, yaliyojazwa mchanga nusu. Kila dumu limezungushiwa duara la unga wa muhogo ulioharibika, ili likiangushwa lirudishwe palepale. Ukiangusha dumu unaongezewa sekunde mbili. Ukikosea lango, mzunguko wako wote hauhesabiwi. Mbuzi wa jirani waliugundua unga ule kabla hatujamaliza kujiandikisha, na mashindano yakachelewa kwa sababu ya kuwafukuza. Nilicheka, Mjomba, halafu nikageuka pembeni ili nikuone nawe ukicheka.

Nilikuwa nimetimiza kila ulichonifundisha. Nilifika mapema, kabla ya wote isipokuwa mwenye saa. Nilitoa garini kila kinachoweza kuruka: jeki, spana, chupa ya maji, hata tasbihi yako iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo. Nilikaza nati za magurudumu, nikavuta betri kuona kama imefungwa, nikajaza tairi upepo kuzidi ule wa safari ya kawaida. Nilivaa viatu vya kufunga kamba. Kisha nikauzunguka uwanja kwa miguu mara tatu, mara ya kwanza peke yangu bila kusema na mtu. Wageni wenzangu waliuzunguka kwa kundi wakipiga soga na kupigana picha, na waliporudi hakuna aliyejua lango la tatu linaingiliwa upande gani. Nilijisikia mkubwa. Niliwaambia, bila ya wao kuniuliza, kwamba mimi ni mhandisi, tena mwanafunzi wa Fundi Hamisi wa Ujiji.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nililitaja jina lako kwa sauti, dakika chache tu kabla ya ukaguzi.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja kutoka Kasulu, mwenye ovaroli lililopauka na maneno mengi. "Haya, mhandisi, tuone umetuletea nini." Alitikisa magurudumu, akakanyaga breki, akapiga goti mlangoni na kuingiza mkono chini ya pedeli ya mafuta. Mkono ukasimama. Akaniuliza kama kitu kile nimekiweka mimi. Nikamuuliza kitu gani. "Njoo ushike mwenyewe."

Nilishika. Nikajibu, kwa kujiamini ambako sasa kunanitia aibu, kwamba gari hilo ndivyo lilivyo. Akajifuta mkono kwenye ovaroli. "Dada yangu, gari halizaliwi na bolti. Hapa umekuwa ukiendesha nusu. Nani kakufungia?" Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Msomi kafungiwa gavana ya mwendo kama basi la mkoani!" Wakacheka wote. Fundi Kasimu, mshirika wako wa miaka yote, ambaye alikuja kunishangilia, hakucheka. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Turudi nyuma kidogo, Mjomba. Ule uwanja wetu wa mazoezi kando ya ziwa, nyuma ya vichanja vya dagaa, unaukumbuka. Akina mama waanika dagaa walikuwa wakitupigia kelele, "Nyie, vumbi lenu tutalila na dagaa!" nawe ukiwajibu kwamba vumbi ni kiungo, hutawatoza. Kila asubuhi ya Jumamosi ulinigongea mlango kwa ile salamu yako ya Kiha, "Mwakeye!", hata kabla ya chai. Nilizunguka madumu yetu sita mpaka nikayaota. Ulinifundisha kwamba dumu ukilitazama utaligonga, kwa hiyo nitazame lango linalofuata. Ulinifundisha kufunga breki gari likiwa limenyooka, kisha ndipo nikate kona. Yote hayo ni kweli, na yote yalinifaa.

Lakini kila tulipofika kwenye ule mnyoofu wa mwisho na mimi nikakuambia, "Mjomba, pedeli imefika mwisho," ulinijibu nini? "Haijafika. Kilichofika mwisho ni moyo wako."

Nilikuamini. Nilikandamiza mpaka vidole vya mguu vikafa ganzi. Sasa naielewa kazi ya ule mpira. Bila mpira, pedeli ingegonga chuma na mimi ningesikia. Kwa mpira ilisimama taratibu, kwa ulaini, kama mguu wa mtu anayesitasita. Ulifikiria hata hilo. Mimi, mwenye shahada ya uhandisi mitambo, nilipima mgandamizo wa silinda, nikabadilisha plagi, nikafungua kabureta na kuisafisha, kisha sikuinama kuinua kapeti. Mtu mwingine angeniambia nina woga ningedai ushahidi. Wewe sikukudai.

Na jambo hili halikuishia uwanjani. Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi pale mjini Kigoma, waliniuliza udhaifu wangu mkubwa ni upi. Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaeleza kwa Kiswahili fasaha, nikiwa nimenyoosha mgongo, kwamba mimi ni mwoga kwa asili, kwamba huachia kabla ya wakati, na kwamba mjomba wangu ananisaidia kulirekebisha. Mwenyekiti wa jopo aliandika kitu kwenye karatasi yake. Siwezi kusema nilinyimwa kazi kwa jibu lile. Naweza kusema kwamba nililitoa, na kwamba halikuwa kweli.

Kasimu ndiye aliyeitoa bolti, pale pale Kidahwe, kwa tindo na nyundo. Mapigo manne. Alipomaliza akanyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Mimi nilishika tochi tu, Zaituni. Wallahi, tochi tu." Kisha akaniambia lililobaki: kwamba ulikusudia kuitoa mwenyewe asubuhi ya mashindano bila kuniambia, ili ukae pembeni uone uso wangu gari litakapofunguka. Kwamba ulilisubiri jambo hilo kama mtoto anavyosubiri Idi.

Nimelifikiria hilo tangu jana. Nimejaribu kuliona kwa jicho lako. Lakini wewe ni fundi, Mjomba, na jambo la kwanza analopaswa kuambiwa mtu anayeanza mchezo huu ni kwamba aje na gari analolijua, asilibadilishe siku ya shindano. Ulimwambia hivyo kila mtu aliyekanyaga gereji hii. Na mimi ungeniingiza uwanjani na gari nisilowahi kuliendesha hata siku moja, ili ufurahi.

Nakwambia uso huo ungekuwaje, kwa sababu ndivyo nilivyoingia. Mzunguko wa kwanza nilikanyaga kama nilivyozoea kukanyaga, kwa nguvu zote za miezi minane, na pedeli ikazama mahali ambapo mguu wangu haujawahi kufika. Gari liliruka. Lango la kwanza nilipita sijui vipi. La pili niliondoka na madumu yake yote mawili, la tatu sikuliona kabisa, nikasimama katikati ya shamba la mtu, unga wa muhogo umetapakaa kwenye kioo cha mbele. Mzunguko haukuhesabiwa. Yule aliyenitania habari ya gavana alikuwa kwenye zamu ya kuokota madumu, kwani kule kila dereva akitoka garini huenda kuwaokotea wenzake, na aliniinamia dirishani akaniuliza kwa upole kama nimeumia. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko chake.

Nililia kidogo ndani ya helmeti. Helmeti inafaa kwa hilo pia.

Kabla ya mzunguko wa pili nilifanya jambo ambalo hukunifundisha, kwa kuwa ulitaka kila kitu nikipate kwako. Nilimwomba yule dada mkaguzi akae pembeni yangu. Alikubali bila hata kufikiri. Inaonekana kule ni kawaida, mwenye uzoefu hukaa na mgeni, wala haihesabiwi kuwa ni udhaifu. Alisema mara moja tu, "Nusu ya pedeli inakutosha mpaka kona ya mwisho. Baada ya hapo ni wewe na roho yako." Nilimaliza bila kugusa dumu hata moja, taratibu, kama ninavyoendesha nikimpeleka Mama sokoni.

Mzunguko wa tatu niliingia peke yangu. Nilipofika ule mnyoofu wa mwisho nilikanyaga mpaka chini, chini kabisa, mpaka chuma kikakutana na sakafu, na nikakaa hapo. Sikuachia. Mjomba, sikuachia. Niliangusha dumu moja mwishoni na nikawa wa tisa kati ya madereva kumi na wanne, jambo ambalo si la kumtangazia mtu. Lakini mguu haukuwa na woga. Haukuwahi kuwa nao.

Jioni nilimweleza Mama. Nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyekuomba uifunge, na kwa namna fulani nilitaka iwe hivyo, ili hasira yangu igawanyike. Aliendelea kuchambua mchele. Tangu uondoke hulivaa koti lako la gereji kila anapokuwa jikoni, hata kwenye joto. Kisha akasema, "Nilimwambia akutazame. Sikumwambia akudanganye." Akalivua lile koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Leo asubuhi amelivaa tena.

Mimi bado. Huenda siku moja nami nitalivaa koti lako, lakini sitajifanya kwamba siku hiyo ni leo. Watu wameanza kuniambia kwamba ulinilinda. Kunilinda kungekuwa kuniambia: Zaituni, nimekuwekea bolti, gari hili lina nguvu nyingi kuliko ujuzi wako, tutaifupisha bolti kidogo kidogo. Ningekubali. Ningeichora kwenye daftari langu na vipimo vyake. Bolti ilitoka kwa mapigo manne ya tindo. Huo woga ulionichomelea mimi, ulikusudia kuutoa kwa chombo gani?

Swali hilo sina wa kumwuliza sasa. Hilo pia nakuhesabia.

Nikueleze yaliyobadilika hapa, kisha nikuage. Kasimu amehamishia mashine ya upepo karibu na mlango, kinyume na amri yako. Ule ubao wako wa spana bado una kivuli cha kila spana ulichokichora kwa rangi nyekundu, na hakuna anayethubutu kukosea kuzirudisha. Mwenye saa wa Kidahwe ameniomba niwe nawapokea wageni kwenye mashindano yajayo, kwa kuwa aliniona nikiuzunguka uwanja kwa miguu. Nimekubali. Nitawafundisha yote uliyonifundisha, na nitasema nimeyapata kwako, maana hilo ni haki yako. Nitawazungusha uwanja kimya kimya. Nitawaambia mzunguko wa kwanza ni wa kuijua njia, si wa kushinda. Nitawaambia waombe mtu akae nao. Lakini kabla ya hayo yote kila mmoja wao atainua kapeti ya gari lake na kuingiza mkono chini ya pedeli, hata kama gari amepewa na baba yake, hata kama limetengenezwa na mtu anayempenda kuliko wote. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na naitoa kwako kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha umuhimu wake.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akusamehe, Mjomba. Yeye ni mwepesi wa kusamehe kuliko mimi.

Ijumaa nitakuja kupalilia kaburi lako na kukusomea Fatiha. Nitakuja na gari letu. Njia ya makaburini ina watoto wengi, kwa hiyo nitaendesha polepole, na safari hii polepole hiyo itakuwa ya kupenda kwangu.

Mpwa wako,
Zaituni