Jina la Edgar kwenye Orodha

Same, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima, ila usingizi ni haba. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu haya nikianza kuyasema kwenye simu nitalia, na wewe utakata.

Unakumbuka Februari nilibadilisha DNS ya hapo nyumbani, mdogo wangu Irine asikutane tena na zile picha chafu kwenye tableti. Kila kifaa kinapotaka kufungua ukurasa, kwanza huuliza ukurasa wenye jina hilo uko namba gani. Awali kiliuliza kwa kampuni inayotuuzia intaneti. Hawa niliowachagua hukataa kujibu kurasa mbaya, na huniandikia orodha: kifaa gani kimeuliza nini, saa ngapi. Huwa naisoma Jumamosi.

Kuna simu yako, kuna tableti ya Irine, na kuna kifaa cha tatu. Kinajiita Simu ya Edgar. Huwaka saa saba mchana, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili, na kuzimika baada ya nusu saa.

Kaka Edgar tulimzika Agosti, Mama. Siku ya kumaliza matanga simu yake tulimpa mjomba Tumainieli, akaenda nayo kwake Kifaru. Je, mjomba yuko hapo?

Mwanao, Hedwiga


Myamba, 14 Machi 2025

Hedwiga mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakohoa lakini anakula. Mvua imechelewa, tangawizi tumepanda hivyo hivyo.

Mjomba wako hajafika. Mashine nazo hukosea. Wewe tangu mdogo ukiona mchwa mmoja unataka kujua ametoka tundu gani. Futa hilo jina, ule, ulale.

Mama yako


Same, 17 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nawaombea Baba na mvua.

Sikulifuta. Nilimpigia mjomba. Anasema ile simu haijawahi kuwaka tangu aipokee. Aliona aibu kulalamika kwenye msiba.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna anayelijua. Tangu Agosti namwandikia Edgar kwa intaneti, kwenye namba yake ileile. Ujumbe wangu ulikuwa haufiki, na ndivyo nilivyotaka. Tangu mlipowekewa intaneti hapo nyumbani Januari, unafika. Unasomwa. Niliuliza, "Ni nani?" Kesho yake saa saba na robo, hata hilo swali likasomwa. Nilikuwa ofisi ya walimu, nikashindwa kuingia darasani.

Anayesoma ameshajua kwamba siku ya ajali Edgar alinipigia mara tatu kabla hajapanda ile pikipiki. Niliiona simu ikiita. Tulikuwa tumegombana, nikaiacha iite. Nataka tu kujua nani anajua.

Mwanao, Hedwiga


Myamba, 4 Mei 2025

Hedwiga,

Natumaini u mzima. Sisi tupo. Baba yako ameanza tena kwenda shambani.

Ni mimi. Mjomba wako nilimpa ile simu ya zamani ya Edgar iliyoungua, nikaifunga kwenye leso asiikague. Kugawa mashati niliweza, simu aliyokuwa akiitumia sikuweza. Saa saba Irine yuko shule na baba yako amelala, ndipo naiwasha niangalie picha. Maneno yako yalikuja yenyewe. Nilijua si yangu, nikasoma.

Sitakuambia kwamba zile simu tatu si kitu. Nilikasirika, mwanangu. Nilikaa wiki nyingi bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza, mkono unaandika mabaya. Sasa hasira imepungua. Haijaisha.

Ila naona vibaya kwamba ukiwa huko Same unanihesabia dakika zangu na mwanangu. Tafuta wengine wa kazi hiyo, wasioandika orodha. Na usiache kumwandikia.

Mama yako


Same, 11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Nimewapata. Nao huzuia kurasa chafu, Irine hatadhurika, na hawatunzi orodha. Namba zao mbili ziko nyuma ya karatasi hii. Fungua ukurasa wa kile kisanduku cha intaneti kama nilivyokuonyesha Februari, sehemu ya DNS, ufute zangu uweke hizi. Kwenye simu ya Edgar, zima zile alama zinazonionyesha kwamba ujumbe umesomwa. Ukishafanya hivyo sitaona chochote tena.

Nilitaka kukuomba uziache namba zangu mpaka mwisho wa mwezi. Ningelimwona siku kadhaa zaidi, hata kama ni wewe. Siombi.

Mwanao, Hedwiga


Same, 17 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui kama barua ya wiki iliyopita ilifika salama, ila jana niliacha chakula nikafungua orodha. Saa saba kamili jina la Edgar likatokea. Likauliza mara tano, sita. Saa saba na dakika nne orodha ikakoma, na mpaka sasa hakuna mstari mwingine, wala wa simu yako wala wa tableti.

Jioni nilimwandikia. Nimemweleza tuligombania nini. Ni ndefu, na sehemu moja inakuhusu wewe.

Mwanao, Hedwiga