Ngazi za Passau

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
14 Novemba 2016.

Mpendwa dada yangu Peninah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Natumaini goti lako limepata nafuu na mvua haijakuzuia kwenda kanisani. Mimi siwezi kusema sijambo. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari hazungumzi tena nami. Huzungumza na binti yangu Roselyne. Naandika nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Hapa joto limepungua na watu wanatembea jioni. Nawatazama kutoka dirishani.

Peninah, ile picha yangu juu ya baiskeli, uliyoitundika sebuleni, iteremshe. Sikuendesha baiskeli Ulaya.

Unakumbuka Roselyne na mumewe Collins walinichukua mwaka 2013 twende Passau, Ujerumani, tuanzie hapo kuendesha baiskeli kando ya mto Danube. Nilikuwa nimejizoeza na Collins kule Lusail, nje kidogo ya Doha, kila Ijumaa asubuhi. Mimi niliyekubeba kwenye keria hadi shuleni, na vilima vya Mbale vikitungoja mbele, niliona nimerudi ujanani.

Siku moja kabla ya safari walisema tuzunguke mji. Tulisikiliza kinanda kikubwa kanisani, tukala soseji barabarani, tukafika pale mito mitatu inapokutana, kila mmoja na rangi yake. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote bila kuuona mto ule kwa macho. Kisha Roselyne akasema tupande ngazi hadi kwenye ngome iliyo juu ya kilima. Alinishika kifundo cha mkono njia nzima. Nilidhani ni mapenzi ya mtoto.

"Mama, mbona unatazama saa kila mara?" mjukuu wangu Daisy aliuliza.

"Nyamaza, panda."

Jioni, tukiwa mezani, Collins akasema, "Mzee, baiskeli yako tumeirudisha kwa waliotukodisha. Umejionea mwenyewe leo."

"Nimejionea nini?"

"Zile ngazi, Baba," Roselyne akajibu. "Kila kona unasimama."

"Nilikuwa natazama mito!"

"Hata pale penye ukuta, Babu?" Daisy akauliza, na wote wakacheka.

Kumbe matembezi yale yalikuwa mtihani, na binti yangu muuguzi, aliponishika mkono, alikuwa akihesabu mapigo ya moyo. Nimesahihisha mitihani ya watoto wa watu hadi macho yakafifia, lakini sikumtahini hata mmoja bila kumwambia.

Nakiri kwako: mara ya kwanza nilisimama kutazama mito kweli. Baada ya hapo ilikuwa pumzi. Wangeniuliza, ningesema mwenyewe kwamba nabaki. Hawakuniuliza. Asubuhi Collins alinikalisha juu ya baiskeli yake, akaishika kwa nyuma, wakapiga picha. Ukitazama chini utaona kivuli chake. Kisha wakaenda zao, nami nikapakiwa kwenye gari la mizigo pamoja na mabegi, mji hadi mji, mpaka Vienna. Niliona haya, nikakuacha uiamini picha.

Sasa sikia linalokuhusu. Roselyne amekualika uje Doha mwezi ujao kutembea, uone kile kisiwa cha The Pearl na maduka yake. Mfanyakazi wa nyumbani ameondoka, yeye ana zamu hospitalini, na juzi nilimsikia akimwambia Collins, "Shangazi akishamwona Baba hivi alivyo, hataweza kurudi nyumbani." Nawe una ng'ombe wako, kwaya yako, na kaburi la mumeo la kupalilia.

Natamani uje. Hakuna mtu ninayemtaka karibu yangu kuliko wewe. Lakini sitakubali upandishwe ngazi bila kuambiwa. Huji kutembea, unaitwa kuniuguza mpaka nife. Ukikataa, sitakuwekea kinyongo, na Roselyne nitamweleza mimi mwenyewe. Ukija, uje kwa hilo.

Nisalimie mwanao Joram na mkewe Emily, na wanakwaya wote wanaonikumbuka. Mungu akulinde, akupe miguu yenye nguvu, na akujalie watoto wanaouliza.

Ndimi kaka yako, nikupendaye kwa pumzi iliyobaki,

Gerishon