Mabasi ya Siku ya Ukaguzi

Kaka yangu,

Salamu zako tumezipata. Sisi hatujambo, isipokuwa miguu ya mama imevimba tena. Bati la jikoni nimeliziba mwenyewe, na yule jirani mpiga kelele amehama. Sasa kimya ndicho kinachotunyima usingizi.

Tangu upewe ukurugenzi wa mabasi ya jiji, mimi pale kituoni nimegeuka ofisi yako. "Dada wa mkurugenzi, basi letu liko wapi?" Nacheka tu. Nitawajibu nini, nami nangoja kama wao?

Siku uliyokuja kukagua njia yetu, mabasi yalifuatana kama siafu, yameoshwa, yananukia sabuni. Mama alipata kiti cha dirishani, akafika kusafishwa damu mapema mpaka nesi akashangaa. Nawe ukawaambia waandishi kwamba njia hii haina tatizo. Dereva mmoja alininong'oneza kuwa walikuwa wameyatoa kwenye njia za wenzetu ili wewe uyaone. Nilikupigia simu, msaidizi wako akasema ujumbe utafika.

Ulipoondoka, mabasi yaliondoka nawe. Alhamisi iliyopita tulingoja kituoni mpaka zamu ya mama ya kusafishwa damu ikapita. Tukirudi nyumbani, alinikataza kukusumbua. Alisema mwanawe ana kazi nyingi.

Kisha akasimama, akaegemea ukuta ili avute pumzi.

"Lakini mwandikie," akasema. "Kama hana nafasi ya kuja kunisalimia, aje kukagua tu. Aje kila Alhamisi."

Ni mimi mdogo wako,
wa hapa kituoni