Stika Zote za Baba Mkubwa Ondiek

Nyamasaria,
Kisumu.
14 Mei 2024.

Mpendwa dada Akello,

Habari za huko Leicester? Mgongo unaendeleaje, na baridi imewaachia hata kidogo? Sisi tu wazima. Joto tunalo, maji ya mfereji tunayapata yakipenda. Barua hii anakuletea Nalini, jirani yetu, anayekuja huko kwa mwanawe. Jina lako juu ya bahasha nimeliandika kwa mkono, na nina sababu.

Harusi ya Lornah wetu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kule Dunga. Ukumbi unabeba watu sitini, hauongezeki. Mama Lornah alisema mwaliko wa simu si mwaliko, kadi zipitie posta. Mimi nikakataa kwenda kuchapisha sayba, kwenye kompyuta za kulipia, kwa kuwa printa iko nyumbani na nilikuwa nimetazama video mbili. Unaandika majina na anwani mara moja, kompyuta inazipanga yenyewe kwenye stika.

Mwanzoni maandishi yaliteleza. Kila mstari ulishuka kidogo, hadi mtu jina lake liko kwenye stika moja na sanduku lake la posta kwenye nyingine. Kumbe printa ilidhani tunatumia karatasi za Kimarekani. Nikaiambia ni A4, nikachapa tena, yakakaa katikati kabisa. Nilifurahia jinsi yalivyokaa, nikasahau kuyasoma. Mama Lornah akabandika huku akitazama tamthilia yake, mimi nikapeleka posta.

Kuna mahali pa kuiambia kompyuta iende kwa jina linalofuata. Nilipapita bila kupagusa. Na jina la kwanza tulikuwa tumeweka la Baba Mkubwa Ondiek wa Katito, kwa heshima, maana ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Basi bahasha zote thelathini zilimwendea yeye.

Akapiga simu. "Bwana Ouma, nimepata."

"Baba, samahani, ni printa imekosea."

"Printa haijakosea. Imeniheshimu kuliko wewe. Na kila kadi ni ya watu wawili, ama?"

"Ndiyo, Baba, lakini..."

"Nimeshagawa. Kwaya ya kanisani kwangu imeshashona sare."

Nyumba ya akina Wechuli, ambako Lornah anaolewa, haina kadi hata moja, na viti vimeisha. Jana mama ya bwana harusi aliuliza kwa upole kama tuna neno nao. Mama Lornah haongei nami. Ananionyesha printa kwa kidole tu.

Mzee nimemwomba mpaka nimechoka. Ananiuliza kama nataka kumnyang'anya chakula. Sasa umebaki wewe. Una jina la mama yake, na mpaka leo yeye hukuita Mama. Mimi ananikatalia bila hata kufikiri. Mama yake atamkataliaje? Mpigie, tafadhali. Heshima yote abaki nayo, aturudishie viti vya wakwe tu.

Nisalimie shemeji Amolo na Adongo wenu. Mama Lornah anawasalimu, hilo alilisema. Mungu awatunze huko mliko, na akupe sauti tamu siku utakayopiga hiyo simu.

Wako akupendaye,
kaka yako Ouma

N.B. Kadi yako nayo ilikwenda kwake. Nasikia ameshampa kinyozi wake.