Salamu Zimetatuliwa

Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Nimeweka mfumo mpya leo. Toleo la majaribio — waundaji wenyewe wameandika kwa herufi nyekundu: usitumie kazini. Bi Rispah, meneja wetu, anataka utumike kazini. Ni programu huria, ya bure, na Bi Rispah akishasikia neno bure hasikii la pili.

Kazi yake nyepesi. Kompyuta, printa, friji, kila kifaa cha zahanati zetu tatu kimo humo. Kikiharibika, mtu aandika ombi, nami nalipata hapa ofisini Ukunda. Kunipigia simu marufuku. Ijumaa ijayo bodi itatazama matokeo. Yakipendeza, napata ajira ya kudumu. Miaka miwili mimi ni kibarua mwenye diploma!

Jumamosi, 1 Novemba

Maombi yamemiminika. Nafungua la kwanza, latoka Msambweni: "Assalaam alaikum Hanifa." Basi. La pili: "Habari za asubuhi, nyumbani hawajambo?" Basi.

Wanangoja niitikie ndipo waseme shida! Na wana haki — nani humwamkia mtu kwa printa? Lakini mfumo hauna subira. Ombi lisilotaja shida hulifunga wenyewe baada ya saa moja, kisha humwandikia mwenyewe: "Tatizo lako limetatuliwa. Asante." Na hulihesabu.

Tumetatua salamu nyingi sana leo.

Jumapili, 2 Novemba

Nimewaandikia waundaji, huko Ulaya. Nimewaeleza vizuri: kwetu mtu hatangulizi shida. Mmoja kanijibu upesi, kwa adabu. Ati si hitilafu, ndivyo walivyokusudia. Kisha kaniuliza, salamu aiweke katika kundi gani la matatizo.



Jumatatu, 3 Novemba

Nimetuma waraka kwa zahanati zote: "Tafadhali anza na shida." Jaafar, karani wa Msambweni, kajaribu, masikini. "Printa haitoi karatasi. Niwie radhi dada kwa kukuvamia hivi, sikulelewa hivi." Mfumo umeliweka ombi lake chini ya Utovu wa Nidhamu.

Waliobaki wanasalimu vilevile. Nikawa naitikia mmoja mmoja ili waseme yao. Kumbe Bi Rispah yuko nyuma yangu! Nikiitikia, ombi hufunguka tena na asilimia ya yaliyotatuliwa hushuka.

"Wacha kureply hizo salamu, Hanifa. Zinatuharibia stats. Mwenye shida si ataandika tena?"

Nikamwambia, mzee akikusalimu ukanyamaza ni aibu. Akauliza kama kazi naitaka ama siitaki.

Naitaka.

Jumanne, 4 Novemba

Asilimia tisini na saba! Bi Rispah kaninunulia mahamri.

Mchana akaandika Mzee Garama, muuguzi mkuu wa Kinango. Mimi sijazaliwa, yeye anachanja watoto. "Hujambo, mwanangu?" Tu. Anangoja shikamoo yake. Nimelitazama ombi hilo mpaka likajifunga.

Mimi, mtoto wa Kikoneni, sikumwitikia mzee. Mama akijua atanikana. Mahamri yenyewe sikuyamaliza.

Jumatano, 5 Novemba

Mzee Garama hajaandika tena. Basi hana shida. Alikuwa anasalimu tu. Watu husalimu.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika chini ya meza. Mkutano wa bodi. Bi Rispah kaufungua mfumo wenyewe ukutani, ile 97 kubwa kama tangazo la soda. Mjumbe mmoja kasema mashallah. Mwenyekiti kanitazama, katabasamu. Jamani, kazi ninayo!

Simu ikatetemeka. Ombi, Kinango. "Hujambo, mwanangu?"

Sikuweza tena. Nikaandika: Shikamoo, mzee. Ukutani 97 ikawa 96. Bi Rispah kanitolea macho.

"Marahaba. Wazazi hawajambo?"

Hawajambo, mzee. Habari za Kinango?

"Nzuri. Kwanza nikushukuru. Jumanne nilikusalimu tu, sijasema neno, nikajibiwa tatizo limetatuliwa. Nikajiuliza, mtoto huyu kajuaje kuwa friji ya chanjo imezima? Nikaona basi, gari linakuja. Chanjo nikazitia kwenye boksi la barafu tungoje. Sasa barafu imeyeyuka tangu jana, na mnakataza simu. Leo ni kliniki ya watoto. Akina mama wamejaa barazani, wengine wametembea tangu alfajiri. Niwachanje na hizi, au gari liko karibu?"

Yarabi.

Gari liko hapa nje. Naliona dirishani. Dereva anapangusa vioo.

Nimemwandikia: Usichanje, mzee! Hata mmoja! Mfumo haujaonyesha kuwa ameusoma ujumbe. Nimempigia — hapatikani. Nimempigia tena. Gari halitoki bila idhini ya Bi Rispah, na chanjo nyingine ziko kwenye stoo kuu, ufunguo anao yeye.

Nimemwandikia yeye pia, tumekaa meza moja. Kaigeuza simu yake kifudifudi. Anawaeleza bodi kwamba Kinango ndiyo inayoongoza: hakuna tatizo hata moja lililobaki.

Nimeinua mkono. Bi Rispah kanitikisia kichwa, taratibu. Sijaushusha. Naandika kwa huu mwingine, mwandiko mbaya.

Mwenyekiti kasema, haya binti, simama utueleze. Wote wamenigeukia. Wamenyamaza kwa heshima, wanangoja niwasalimu kwanza.