Robine ya Mama Esperance

Mujukuu wangu Neema,

Barua yako imefika, tukaisoma mara mbili. Magoti ya bibi yako yametulia, na dada yako amejifungua mutoto mwanamume huko Nundu. Kwa kuwa unagombea uongozi wa wanafunzi, unauliza mimi nilishindaje ule wa robine, bomba la maji la avenyu yetu.

Niliutaka sana. Mutu asiye na shule kama mimi, hakuna aliyemuuliza neno. Tulichagua kwa kupanga mustari nyuma ya mutu wako. Nyuma ya Mama Esperance, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, walisimama arobaini. Nyuma yangu thelathini na sita. Wanawake kumi na mmoja, wakimbizi wa Burundi, walibaki pembeni na bidoni zao za kuchotea maji. Karibu wote walilima pamoja nami, na Mama alijua.

“Na bale?” akauliza.

“Bale ni bageni. We umeshashinda, Mama, nyamaza!” akajibu mutu wa mustari wake.

“Banakunywaka maji ya wapi? Haiko hii yetu? Mukuje, bamama, mupange mustari!”

Tisa walikuja kwangu, wawili kwake. Hesabu mwenyewe.

Nikaongoza miaka kumi na miwili. Mawe yote ya kujengea pale niliyabeba kwa kichwa changu, lakini hata leo watu wanaiita robine ya Mama Esperance. Inaniuma, Neema. Ila kila nikirudia ile hesabu, naona hawakukosea.

Ni mimi babu yako wa huku Baraka, ninayekuombea mustari mrefu.