Salim Mbele ya Goli

Mjukuu wangu Imran,

Huku Tooting, London, sote wazima, ila mama yako amepaka jikoni rangi ya manjano, macho yaniuma. Lakini ujumbe wako umenishtua mpaka chai ikapoa mkononi. Ati unataka kuacha hoki ya barafu huko Kanada, kwa vile kocha hakupandishi timu kubwa na kutwa unasukumwa mazoezini?

Sikiza ya kaka yangu Salim. Tulikuwa ndio tumefika London kutoka Mombasa, naye kijana mabega kama kabati. Marehemu mama akanishika mkono twende tukamtazame akifanya mazoezi ya hoki hiyo hiyo. Lahaula, tukamkuta kasimama mbele ya goli, wenzake wawili wanamsukuma na magongo mgongoni, na yeye harudishi hata kiwiko! Mama akaingia kwenye barafu na champali zake, akateleza kitako mpaka miguuni kwa kocha.

"Wewe baba, mwanangu umemfanya gunia?"

Salim akatafsiri, amekufa kwa aibu. Kocha akamwinua mama taratibu.

"Kupiga watu anajua. Namfundisha asiondoke pale mbele ya goli la wapinzani, kipa akitema, yeye ndiye wa kufunga."

Baridi yote ile Salim alisimama pale pale akisukumwa, na mama kila Jumamosi kwenye viti na kababu zake, amenuna. Mwaka wa pili ndio magoli yakaanza kuja, na hakuna aliyeweza kumng'oa.

Jana nimemsomea Salim ujumbe wako. Akaniuliza, "Wanamsukumia wapi?"

"Mbele ya goli, ndivyo alivyoandika," nikamwambia.

Akacheka. "Basi huyo kocha ana mpango naye."

Bibi yako,
Shirin